Kopo la Faini

Barua ilifika Jumatatu na muhuri wa Dar:
kuanzia tarehe moja
neno Mbayuwayu lisitamkwe kaunta,
lisiandikwe kwenye risiti, lisivaliwe kifuani.
Sisi sasa ni Ovelia.
Maana yake? nikamuuliza Ambokile.
Akasema labda ni dawa ya minyoo.

Bwana Mhapa akaleta kopo la maziwa ya unga,
akatoboa kifuniko kwa ncha ya kisu:
ulimi ukiteleza, mia tano.
Hadi saa nne lilikuwa limenila elfu mbili,
kwa sababu simu ikilia mdomo hauniulizi,
unaruka wenyewe, "Mbayuwayu Mbeya, habari za asubuhi,"
miaka kumi na mitatu unaruka hivyo,
hapa Uhindini, juu ya duka la mabati,
na Loleza dirishani
kajifunika mawingu hadi shingoni kama mgonjwa.

Fundi wa bango alipanda ngazi Ijumaa.
Alikwangua herufi, zikaanguka moja moja barazani,
watoto wa shule wakagombania M.
Alipomaliza akashuka, akatazama juu, akaguna.
Jua lilikuwa limepausha ukuta mzima
isipokuwa pale jina lilipokaa;
pale palibaki bluu mbichi,
panasomeka kuliko jana.
Alipaka mikono mitatu. Ya tatu kwa hela yake.

Na siku ya uzinduzi, Songwe, ngoma na maua tayari,
panga boi letu lile lile,
lenye kile kiti cha saba C kisicholala,
tulilisikia likizunguka juu ya ukungu, zambarau kwa rangi mpya
(walituambia zambarau, hatukuiona),
likazunguka tena,
likarudi Dar.
Mzee mmoja wa parachichi, mzigo wake sakafuni,
akasema, "Jina mmebadili. Macho je?"

Sasa hili la Mama Subilaga.
Anakaa Mbalizi, ndege zinapita juu ya bati lake.
Alifungua kitenge, akafungua leso,
akafungua mfuko wa nailoni,
akaniwekea tiketi: Dar kuja Mbeya,
Mwaikenda, Gwamaka.
Alikwenda Muhimbili akitembea.
Alirudi kwa barabara, usiku kucha,
Kitonga gari likasimama kupoza injini
na yeye peke yake mle ndani hakuwa na haraka.

Nikaandika namba. Mfumo ukafikiri, ukajibu: hakuna.
Walipofuta jina letu
walifuta na wote ambao hawakusafiri.

"Sikufuata hela," akasema.
"Wajukuu niliwaambia babu atarudi na Mbayuwayu.
Kila ikipita wanaupungia ule mkia wa panda.
Jana imepita nyingine, hawakupunga.
Nauliza tu, hii bado inafaa?"

Muhuri wa zamani ulikuwa kwenye boksi,
umefungwa kamba, unasubiri kurudishwa makao makuu.
Nilikata kamba.
Nikahema kwenye mpira wake, wino ulishakauka,
nikagonga. Ndege akatoka nusu, bawa moja na mkia.
Nikasema kwa sauti, Bwana Mhapa akinisikia:
"Inafaa, mama. Mbayuwayu haina haraka naye."
Nikatumbukiza mia tano.

Hakushukuru. Alikunja, nailoni, leso, kitenge,
akashika ukuta wa ngazi, akashuka.
Sijui kama nilimtendea vyema.
Watoto hukua. Siku moja watasoma tarehe.

Mwisho wa mwezi kopo lilitoa elfu kumi na nane na mia tano.
Tukaagiza kuku na ndizi kutoka Mwanjelwa,
tukafunga mlango, tukainamisha vichwa,
Bwana Mhapa akaomba:
asante kwa chakula hiki, kwa afya zetu,
na uibariki Mbayuwayu —

Hakuna aliyefumbua jicho.
Tulisikia tu mkono wake
ukipapasa mfukoni, ukitafuta sarafu.